Mpeni Uhura Kazi

Filamu ya nne ya Star Trek mpya imekuwa kama harusi isiyofika. Tangu ile ya tatu itoke mwaka 2016, hii imetangazwa, imeahirishwa, imepewa mwongozaji na kunyang'anywa, ikapangiwa tarehe ya Desemba 2023, kisha ikaondolewa kwenye ratiba kabla kamera haijawashwa. Waalikwa, yaani mashabiki, wameutumia muda wote huo kugombana. Kundi moja linataka waigizaji walewale warudi: Chris Pine kwenye kiti cha nahodha, Zachary Quinto na masikio yake ya ncha. Kundi la pili linataka filamu zote hizo zisahauliwe na hadithi ianzie pale ilipoachwa na ile ya zamani. Kundi la tatu linasema mwacheni marehemu apumzike. Nimewasikiliza wote, Wamarekani kwa Kiingereza chao na wenzetu kwa Kiswahili chetu, na nasema makundi yote matatu yanagombania mapazia ya nyumba ambayo ina chumba kimoja hakijawahi kufunguliwa.

Kwa asiyeifahamu: Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, kwenye kituo cha NBC. Chombo cha anga kiitwacho Enterprise kinazunguka katika nyota za mbali kikiwa na wafanyakazi wa rangi na mataifa tofauti, pamoja na Spock, ambaye ni nusu tu ya binadamu. Ilidumu misimu mitatu, sehemu 79, ikakatwa mwaka 1969. Ikafufuka katika filamu mwaka 1979, na waigizaji walewale wakaendelea kuzeeka mbele yetu hadi filamu ya sita, mwaka 1991. Mwaka 2009 mwongozaji J.J. Abrams akaianza upya na waigizaji vijana kwa ujanja mmoja: mhalifu kutoka siku zijazo anarudi nyuma ya wakati, anaharibu chombo kimoja, na kuanzia hapo historia inachepuka. Ya zamani yalitokea, ila katika mkondo mwingine. Ugomvi wa mashabiki umezaliwa na mchepuko huo.

Sikiliza wanachogombea. Enterprise mpya ni kubwa kupita kiasi. Imejengwa ardhini, Iowa, wakati kila mtu anajua vyombo vile huundiwa angani. Sayari ya Vulcan imelipuliwa; nani aliwapa ruhusa? Upande wa pili unajibu kwamba bila Abrams hadithi ingekuwa imeoza kabatini, na kwamba filamu ya 2009 iliingiza takriban dola milioni 385 duniani, pesa ambazo wazee wa sare za rangi tatu hawakuwahi kuziota. Mmoja anashika msahafu, mwingine anashika daftari la mauzo. Wote wanauliza swali moja: je, mpya inafanana na ya zamani kiasi cha kutosha?

Swali hilo ni bovu. Hadithi ya zamani haihitaji kufufuliwa ili ikumbukwe. Kanda zake zipo, mwenye hamu akazitazame. Sababu pekee ya kuirudia hadithi iliyokwisha, tena kwa mamilioni ya dola, ni kwamba hadithi ile iliacha deni. Kuna jambo ililianzisha ikalikimbia, mtu iliyemleta ikamsahau pembeni, ahadi iliyoitoa ikakatika njiani. Kufufua ni kurudi kulipa. Filamu isiyolipa deni lolote ni mzimu tu, hata kama sare zake ni za rangi sahihi.

Ushahidi upo ndani ya Star Trek yenyewe, na mashabiki wanaujua bila kuutambua. Februari 1967 ilionyeshwa sehemu iitwayo Space Seed. Nahodha Kirk anamshinda Khan, dikteta wa kale aliyeamshwa kutoka usingizi wa karne mbili, na badala ya kumfunga anamwacha yeye na wafuasi wake kwenye sayari tupu wajijengee maisha. Muziki unapigwa, chombo kinaondoka, wiki ijayo ni kisa kingine. Hakuna aliyerudi kuwaangalia. Mwaka 1982 Nicholas Meyer akatengeneza The Wrath of Khan, na kiini cha filamu ile nzima ni hicho hasa: hukurudi. Miezi sita baada ya Kirk kuondoka sayari ya jirani ililipuka, makazi ya Khan yakageuka jangwa, mkewe akafa, na kwa miaka 15 hakuna nahodha aliyepiga hodi. Hasira ya Khan ina risiti.

Ikumbukwe kwamba mashabiki waliipinga filamu hiyo kabla hawajaiona. Ilivuja habari kwamba Spock angekufa ndani yake, wakaandika barua za hasira na vitisho, hata Meyer akalazimika kuweka kifo cha uongo cha Spock katika dakika za mwanzo ili kuwapumbaza. Leo filamu hiyohiyo ndiyo wanayoishika kama kipimo cha nyingine zote. Waliogopa kwamba inasaliti asili. Wakaipenda kwa sababu iliishtaki asili na kuitoza.

Sasa itazame Star Trek Into Darkness ya mwaka 2013. Khan yuleyule, safari hii akichezwa na Benedict Cumberbatch. Kuna kifo kilekile nyuma ya kioo cha mtambo, ila aliye ndani sasa ni Kirk, na Spock aliye nje ndiye anayepiga ukelele wa jina la Khan uliopigwa na Kirk mwaka 1982. Kila kitu kimenakiliwa, na hakuna kinachouma. Sababu ni nyepesi: katika mkondo huu Kirk hajamtelekeza mtu yeyote kwenye sayari yoyote. Hakuna deni. Spock analia juu ya historia ambayo haijatokea. Mashabiki waliokusanyika Las Vegas mwaka huohuo walizipanga filamu zote kwa kura, wakaiweka hii mkiani. Walipoulizwa kasoro yake wakaanza kutaja mapazia: Khan hafanani, damu ya Khan haiwezi kufufua mtu, Cumberbatch ni Mwingereza mweupe anayecheza mtu aliyetambulishwa mwaka 1967 kuwa huenda ni Singasinga wa kaskazini mwa India. Hili la mwisho ni la maana na lingestahili makala yake. Lakini hata angechezwa na mtu anayestahili, kilio kile kingebaki kitupu, kwa sababu hakuna aliyedaiwa.

Nimesema kuna chumba hakijafunguliwa. Chumba hicho kina jina letu mlangoni.

Afisa mawasiliano wa Enterprise anaitwa Uhura, na aliyemcheza kuanzia mwaka 1966 ni Nichelle Nichols. Kwa simulizi yake mwenyewe, siku ya usaili alikuwa na kitabu mkononi, riwaya iitwayo Uhuru ya Mmarekani Robert Ruark, iliyochapishwa mwaka 1962 na inayohusu Kenya iliyokuwa ikikaribia kujitawala. Muasisi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno lile, ila wakaona ni kali mno kwa mwanamke, wakalilainisha mwisho: Uhura. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa isimu, kwa hiyo mniruhusu kusimama hapa kidogo. Kiswahili hakina irabu ya kike. Mwanamke na mwanamume wote ni huru, na uhuru wao ni uleule. Neno lenyewe lina mizizi ya Kiarabu, na katika pwani yetu lilikuwa na uzito wa kisheria kabla halijawa la kisiasa: mtumwa aliyeachwa alikuwa huru. Kisha likawa la Tanganyika Desemba 1961, la Uganda Oktoba 1962, la Zanzibar na Kenya Desemba 1963. Hollywood ililipata kupitia riwaya ya Mmarekani mweupe aliyeipenda Afrika yetu zaidi kwa ajili ya uwindaji. Wakalipunguza makali. Wakalivalisha sketi fupi nyekundu.

Na lugha yetu nayo ilisikika, tena usiku wa kwanza kabisa. Sehemu iliyofungua tamthilia Septemba 8, 1966, The Man Trap, ina kiumbe anayeweza kuchukua sura ya mtu unayemuwaza. Anamtokea Uhura kama kijana mweusi mtanashati na kumsemesha Kiswahili. Uhura anajibu, anaanza kulainika. Kumbe ni zimwi linalokula chumvi ya miilini mwa watu. Kwa hiyo neno la kwanza la Kiswahili katika anga la Star Trek lilitoka kinywani mwa zimwi. Wazee walishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kweli halikummaliza. Lilikatizwa kabla ya kumla. Likaondoka na Kiswahili chake.

Baada ya hapo Uhura alikaa. Alikaa kwenye kituo chake na kifaa cha fedha sikioni, akimwambia nahodha kwamba masafa yamefunguliwa. Nichols mwenyewe alilalamika kwamba maneno yake yalikuwa yakikatwa kwenye miswada hadi yakabaki hayo. Msimu wa kwanza ulipoisha alitaka kuacha. Anasimulia kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyekutana naye kwenye hafla akamweleza kwamba kule kukaa kwake pale, mwanamke mweusi mwenye cheo kati ya watu wenye vyeo, lilikuwa jambo lisilopatikana kwingine kwenye televisheni. Akabaki. Na King alikuwa sahihi: mwaka 1977 NASA ilimtumia Nichols kuhamasisha wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga, na kundi la watu 35 lililotangazwa mwaka uliofuata lilikuwa na wanawake sita na Wamarekani weusi watatu, wa kwanza wa aina yao. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, mwaka 1992, amemtaja Uhura miongoni mwa waliomwonyesha kwamba inawezekana.

Hapa ndipo mashabiki wanaporidhika, wa kwao na wa kwetu. Uhura alikuwepo, kuwepo kwake kulibadilisha dunia, asante, tuendelee. Nakataa. Kukaa pale kulitosha mwaka 1966. Sisi tuliolitoa neno lile tunajua lilikuja na mwenzake. Tanganyika ilipopata bendera, kaulimbiu iliyosikika ilikuwa Uhuru na Kazi. Hakuna aliyedhani uhuru ni kiti. Kiti bila kazi ni cha mgeni rasmi.

Basi nina kipimo changu cha filamu za Star Trek, na ni chepesi kuliko kipimo cha ukubwa wa chombo. Mtoe Uhura kwenye filamu. Je, hadithi inakwama? Kama haikwami, hakuwa na kazi.

Kwa kipimo hicho, tamthilia tukufu ya zamani inaanguka karibu kila wiki. Hata lile busu maarufu la Novemba 1968, la Kirk na Uhura, linalotajwa kila mwaka kama ushindi, wahusika hawakulichagua. Viumbe wenye nguvu za akili waliwalazimisha. Filamu sita zilizofuata hazikufanya vizuri zaidi. Mwaka 1984 alipewa dakika chache tamu, anamfungia kijana mjuaji kabatini ili wenzake watoroke. Lakini angalia wenzake walikofika. Mwaka 1982 Chekov ni afisa wa pili kwa cheo kwenye chombo kingine. Mwaka 1991 Sulu ni nahodha, ana chombo chake, Excelsior. Mwaka huohuo, miaka 25 baada ya ile jioni ya zimwi, Uhura bado yuko kwenye kituo cha mawasiliano, na kuna kituko ambapo Waklingon wanauliza chombo hiki ni cha nani, naye, mtaalamu wa mawasiliano wa jeshi zima lile, anapekua lundo la kamusi za karatasi akibabaisha sentensi mbovu huku wenzake wamemzunguka. Nichols alipinga kituko hicho. Kikapigwa hivyohivyo. Watu wakacheka.

Anayeniambia filamu mpya ziwe aminifu kwa asili aniambie kwanza: ziwe aminifu kwa lundo lile la kamusi?

Mwaka 2009 Zoe Saldana anaingia, na mambo yanaanza kwa matumaini. Uhura huyu ni mwanaisimu. Anazijua lahaja tatu za Kiromulan na anaweza kuitofautisha lugha hiyo na ya Vulcan kwa sikio. Ni yeye aliyenasa ujumbe kwamba vyombo 47 vya Waklingon vimeangamizwa, na bila ujumbe huo Enterprise ingeingia mtegoni ikafa na wote waliomo. Hiyo ni kazi. Ila anayeusimamisha uongozi mzima na kuutangazia hatari ni Kirk, aliyeisikia habari hiyo akiwa amejificha chini ya kitanda cha msichana mwingine. Uhura anaitwa kuthibitisha. Baada ya hapo filamu inamkabidhi jukumu jingine, la mpenzi wa Spock, na kichekesho cha Kirk kutafuta jina lake la kwanza toka mwanzo hadi mwisho. Jina lenyewe, Nyota, lilikuwa limependekezwa vitabuni tangu miaka ya themanini, na hii ndiyo mara ya kwanza lilipotamkwa kwenye skrini. Miaka 43 tumesubiri kusikia neno kamili la Kiswahili katika jina la mhusika huyu, na tumelisikia kama siri ya mapenzi.

Mwaka 2013 anashuka peke yake kuwakabili Waklingon wenye silaha, anawasemesha kwa lugha yao. Ni dakika nzuri kuliko zote katika filamu ile. Hoja yake haifiki mwisho; risasi zinaanza, Khan anaingia, mazungumzo yamekwisha. Kana kwamba mwandishi aliogopa lugha ikifanikiwa hatutapata mapigano.

Ni mwaka 2016 tu, katika Star Trek Beyond, kipimo kinapita. Uhura anakubali kutekwa kwa kuitenganisha sehemu moja ya chombo na nyingine wakati wa shambulio. Na fumbo la filamu, adui Krall ni nani hasa, linafumbuliwa naye: anasikiliza rekodi ya zamani ya nahodha aliyepotea, anaitambua sauti. Sikio lake ndilo linalofungua hadithi. Mtoe, na hakuna anayejua wanapigana na nani. Filamu hiyo iliingiza takriban dola milioni 343, dhidi ya milioni 467 za ile ya 2013, na wenye daftari la mauzo wakahitimisha kwamba hadithi imechoka. Wenye msahafu nao walikuwa bado wanajadili pikipiki ya Kirk.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeyasikia yote.

La kwanza: unaingiza siasa kwenye burudani. Tamthilia hii ilimweka Mmarekani mwenye asili ya Japani kwenye usukani miaka 21 baada ya vita, na mwigizaji wake, George Takei, alikuwa amefungiwa kambini na serikali ya Marekani akiwa mtoto kwa kosa la asili yake. Mwaka 1967, katikati ya vita baridi, ikamweka Mrusi kando yake. Siasa haikuingizwa baadaye. Ukiitoa, kinachobaki ni watu wenye pajama wakibonyeza taa.

La pili, la mashabiki wa huku kwetu: haya ni mambo ya Wamarekani, sisi watazamaji tu. Nashangaa linatoka kwa watu waliokulia kwenye vibanda umiza. Huko hakuna aliyetufundisha kwamba filamu ina umbo moja takatifu. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walichukua filamu za watu wakazisimulia upya juu ya sauti ya asili, wakawapa wahusika majina ya mtaani na sababu ambazo mwandishi hakuwaza, na kibanda kizima kilijua msimuliaji yupi ameifanya hadithi ieleweke na yupi anapayuka. Tuna desturi ya kuihoji filamu tukiwa bado tunaitazama. Iweje tukifika kwa hii, ambayo imebeba neno letu, tuwe wapole?

La tatu ndilo linalonikera kuliko yote, kwa kuwa linakuja na tabasamu: furahi basi, jina letu limefika kwenye nyota. Tumezoea kushangilia hivi. Kampuni ya ughaibuni ikiita bidhaa yake kwa neno la Kiswahili, tunasambaza picha. Mhusika wa katuni akiitwa Simba au Rafiki, tunapiga makofi. Tunaishi kama mtu aliyeona jina lake limeandikwa kwenye basi akadhani basi ni lake. Jina ni mwanzo wa madai. Ukishalitumia neno langu, nina haki ya kukuuliza umelitumia kufanya nini.

Na wasiseme haiwezekani, kwa sababu imewezekana kwenye televisheni. Mwaka 2022 tamthilia ya Strange New Worlds ilimleta Uhura kijana, akichezwa na Celia Rose Gooding. Amekulia Kenya, anazungumza lugha 37, na katika moja ya visa vya mwanzo wenzake wamekwama ndani ya kimondo kisichofunguka hadi yeye anagundua kwamba kinajibu muziki, anaanza kukiimbia. Kazi ya lugha ndiyo inayookoa roho za watu. Hakuna aliyelala. Hakuna aliyedai mlipuko zaidi. Basi woga wa filamu unatoka wapi?

Sasa turudi kwenye filamu ya nne. Mkitaka deni, liko moja wazi kabisa. Mwisho wa Septemba 1967 ilionyeshwa sehemu iitwayo The Changeling. Mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba, haielewi, inamchunguza, na inafuta kila kitu alichokuwa anakijua. Anarudishwa zahanati kufundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Anapokwama kwenye Kiingereza na kukasirika, anaropoka Kiswahili. Lugha ya nyumbani ilikuwa imejificha mahali ambapo mashine haikufika. Daktari anatabiri kwamba baada ya muda mfupi atakuwa sawa, kisa kinafungwa kwa utani kati ya Kirk na Spock, na wiki inayofuata tamthilia inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Halikutajwa tena, si katika sehemu zilizobaki wala katika filamu sita za waigizaji wale.

Nawaza jambo hilo kila nikisikia mtu analalamika kuhusu umbo la Enterprise. Mwanamke amefutwa maisha yake yote. Nani alimfundisha upya yeye ni nani? Walimrudishia lugha ngapi, na zipi waliziona hazina haja? Je, alimkumbuka mama yake, au alisimuliwa habari zake na faili la jeshi? Kirk alimtelekeza Khan kwenye sayari tukapata filamu bora ya mfululizo mzima. Huyu alitelekezwa kwenye kiti chake, mita tatu nyuma ya mgongo wa nahodha, na hakuna aliyegeuka.

Wakitaka mkondo mpya, wautumie. Wanajua kuchepusha historia wakati wa kulipua sayari. Wakitaka kurudi kwenye wa zamani, ni sawa pia, deni liko huko. Nichols alifariki Julai 2022, hivyo hawezi kulidai mwenyewe.

Lakini mashabiki wanaweza. Barua zao ndizo zilizoiokoa tamthilia isikatwe mwaka 1968. Barua zao ndizo zilizoifanya Marekani mwaka 1976 ilipe chombo chake cha kwanza cha aina ya shuttle jina la Enterprise. Hakuna hadhira iliyowahi kusikilizwa kama hii, na inatumia sauti hiyo kuulizia urefu wa chombo na rangi ya sare. Waombe kitu chenye thamani. Filamu ya nne ikija, kwa waigizaji wowote na katika mkondo wowote, nitakaa na kalamu na kuhesabu dakika ambazo Uhura akitoka chumbani hadithi haiwezi kusonga. Zikiwa sifuri, sare ziwe na rangi yoyote wanayopenda.